Mjadala kuhusu michezo ya video na ukatili

Mjadala kuhusu michezo ya video na ukatili ni mabishano ya miaka mingi juu ya swali moja: je, mtoto au kijana anayecheza michezo ya video yenye mapigano, damu na mauaji huwa mkatili katika maisha halisi? Mabishano hayo yalianza Marekani katika miaka ya 1970 na bado yana nguvu zaidi huko, ingawa yamefika pia Ujerumani, Ufaransa, Australia na kwingineko. Wanaobishana ni wazazi, wabunge, majaji, wanasaikolojia na makampuni ya burudani.

Utafiti uliopo haujaonyesha kwamba michezo hiyo husababisha mauaji au makosa mengine makubwa ya jinai. Baadhi ya tafiti zimeona uhusiano mdogo kati ya michezo hiyo na uchokozi wa kawaida, kama vile kuwafokea wenzake au kusukumana. Tafiti nyingine hazikuona hata huo. Tofauti kati ya mambo hayo mawili ndiyo kiini cha mjadala, na ndiyo inayopotea kwa urahisi zaidi jambo hili linapofika kwenye televisheni au bungeni.

Uchokozi na ukatili

Katika saikolojia, uchokozi ni tendo lolote linalokusudiwa kumdhuru mtu mwingine ambaye hataki kudhuriwa. Maana hiyo ni pana. Inaingiza tusi, kofi, uvumi uliosambazwa kwa nia mbaya, na pia kisu. Ukatili unaozungumzwa na wanasiasa baada ya mauaji ni ncha moja tu ya upana huo. Kila muuaji wa makusudi ni mchokozi kwa maana hii, lakini wachokozi karibu wote hawatamwua mtu maishani mwao.

Watafiti hupima uchokozi mdogo kwa sababu inayoeleweka: mauaji ni nadra, na hakuna maabara inayoweza kuyaruhusu yatokee ili yahesabiwe. Kwa hiyo hutafutwa kitu kinachofanana nayo kwa mbali. Tatizo huanza pale kipimo cha mbali kinaposomwa kana kwamba ni kitu chenyewe.

Chanzo cha hofu

Hofu ya kwamba burudani mpya huharibu vijana ni ya zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1954 daktari wa magonjwa ya akili Fredric Wertham alichapisha kitabu kilichodai kwamba vitabu vya katuni huwapeleka watoto kwenye uhalifu. Seneti ya Marekani ilifanya vikao juu ya suala hilo mwaka huohuo, na wachapishaji wakajiwekea kanuni kali za kujidhibiti. Mwaka 2012 mtafiti Carol Tilley, aliyesoma kumbukumbu za Wertham mwenyewe, alionyesha kwamba daktari huyo alikuwa amebadilisha na kuchanganya maelezo ya watoto aliowahoji ili yaafiki hoja yake.

Mchezo wa video wa kwanza kuzua kelele kubwa ulikuwa Death Race, uliotolewa mwaka 1976 na kampuni ya Exidy. Ulichezwa kwenye mashine za sarafu: mchezaji aliendesha gari na kugonga vijitu vilivyokimbia kwenye kioo, kila kilichogongwa kilipiga ukelele na kuacha alama ya kaburi. Picha zake zilikuwa vidoti vyeupe juu ya weusi, na mtu wa leo angepata taabu kuelewa nini kiliwatisha watu. Hata hivyo magazeti yaliuandama, na kelele hizo zikawa tangazo la bure kwa kampuni.

Mwaka 1982 Mganga Mkuu wa Serikali ya Marekani, C. Everett Koop, alisema katika mkutano mjini Pittsburgh kwamba michezo ya video inawadhuru vijana. Muda mfupi baadaye alilazimika kueleza kwamba hayo yalikuwa maoni yake binafsi na hayakutokana na ushahidi wa kisayansi. Kauli ya kwanza ndiyo iliyokumbukwa.

Mortal Kombat na daraja za umri

Mgogoro mkubwa ulikuja mwaka 1993, wakati mchezo wa mapigano Mortal Kombat ulipoingia majumbani. Katika mchezo huo mshindi aliweza kumng'oa mwenzake moyo au kichwa. Nintendo ilitaka damu iondolewe katika toleo lake na ibaki kama jasho. Toleo la Sega liliificha damu nyuma ya msimbo wa siri ambao kila mtoto shuleni aliujua. Toleo la Sega liliuzwa zaidi.

Tarehe 9 Desemba 1993 Maseneta Joseph Lieberman na Herb Kohl waliongoza kikao cha kusikiliza ushahidi, ambapo wawakilishi wa Sega na Nintendo walishambuliana wao kwa wao mbele ya wabunge. Makampuni yalipewa kuchagua kati ya kujipangia daraja za umri na kupangiwa na serikali. Yalichagua la kwanza, na mwaka 1994 ikaundwa bodi ya Entertainment Software Rating Board (ESRB). Michezo yenye ukatili mkubwa hupewa herufi M, maana yake ni ya watu wenye umri wa miaka 17 au zaidi. Ulaya ilianzisha mfumo wake, PEGI, mwaka 2003. Australia, ambayo kwa miaka mingi haikuwa na daraja la watu wazima kwa michezo na hivyo iliipiga marufuku kabisa baadhi yake, iliongeza daraja la miaka 18 tarehe 1 Januari 2013.

Mpango wa ESRB ulianza vibaya. Tume ya Biashara ya Marekani ilipowatuma watoto madukani kama wanunuzi mwaka 2000, asilimia 85 kati yao waliuziwa michezo ya daraja la M bila kuzuiwa. Jaribio kama hilo lilipochapishwa mwaka 2013, waliouziwa walikuwa asilimia 13, pungufu kuliko watoto walioweza kununua tiketi za filamu za watu wazima. Ni moja ya mambo machache katika historia hii yote ambayo yalibadilika kwa namna inayopimika.

Alama hizo zimekusudiwa mnunuzi anayeshika kasha la mchezo dukani. Katika vibanda vya michezo vya miji ya Afrika Mashariki, ambako watoto hulipia muda au mechi na mara nyingi hucheza mpira wa miguu, kasha hilo huenda lisionekane kabisa.

Mashambulizi ya shuleni

Tarehe 20 Aprili 1999 wanafunzi wawili wa shule ya Columbine, katika jimbo la Colorado, waliua wanafunzi 12 na mwalimu mmoja, kisha wakajiua. Ilijulikana upesi kwamba walipenda mchezo wa kufyatua risasi wa Doom. Tangu siku hiyo swali la michezo ya video likawa sehemu ya kila taarifa ya shambulio la shuleni nchini humo. Mahakamani hoja hiyo haikufika mbali. Wazazi wa wasichana waliouawa mwaka 1997 karibu na Paducah, Kentucky, walikuwa wamewashtaki watengenezaji wa michezo na filamu; kesi ilitupwa mwaka 2000, na mahakama ya rufaa ikakubaliana na uamuzi huo mwaka 2002.

Mwaka 2002 Idara ya Ulinzi wa Rais ya Marekani na Wizara ya Elimu walitoa ripoti juu ya mashambulizi 37 ya shuleni yaliyofanywa na vijana 41 kati ya 1974 na 2000. Ni asilimia 12 tu ya vijana hao waliokuwa na hamu ya michezo ya video yenye ukatili. Kilichoongoza kilikuwa maandishi yao wenyewe: asilimia 37 walikuwa wameandika mashairi, insha au shajara zenye ukatili. Kwa mwalimu, takwimu hiyo ina manufaa kuliko hotuba nyingi zilizofuata, kwa kuwa insha hufika mezani kwake na mchezo wa nyumbani haufiki.

Tarehe 16 Aprili 2007 mwanafunzi mmoja aliua watu 32 katika chuo cha Virginia Tech. Kabla hata jina lake halijatangazwa, wachambuzi kwenye televisheni walikuwa wameshataja michezo ya video. Tume iliyochunguza mauaji hayo ilieleza kwamba wenzake wa bwenini hawakuwahi kumwona akicheza. Baada ya mauaji ya watoto 20 na watu wazima 6 katika shule ya msingi ya Sandy Hook mwezi Desemba 2012, kiongozi wa chama cha wamiliki wa bunduki, Wayne LaPierre, aliilaumu tasnia ya michezo. Ripoti ya mwendesha mashtaka ya mwaka 2013 ilionyesha kwamba muuaji alikuwa na michezo ya kufyatua risasi nyumbani, lakini ule aliotumia saa nyingi kuucheza nje ya nyumba ulikuwa Dance Dance Revolution, mchezo wa kucheza dansi kwa kukanyaga mishale.

Mifano ya namna hii haithibitishi kwamba michezo haina athari yoyote. Inaonyesha tu jinsi lawama ilivyotangulia ushahidi. Tena, kwa kuwa sehemu kubwa ya wavulana wa Marekani hucheza michezo ya video, kugundua kwamba kijana fulani aliyeua alikuwa mchezaji hakuelezi kitu kuliko kugundua kwamba alivaa viatu vya raba.

Lawama yenyewe haigawanywi sawasawa. Mwaka 2019 timu iliyoongozwa na Patrick Markey ilichambua zaidi ya makala 200,000 za habari kuhusu mashambulizi 204 ya risasi. Pale ambapo shambulio lilitokea shuleni na mshambuliaji alikuwa Mzungu, michezo ya video ilitajwa takriban mara nane zaidi kuliko alipokuwa Mwafrika-Mmarekani. Watafiti walieleza kwamba watu hutafuta sababu ya nje pale mhalifu asipofanana na picha ya mhalifu waliyo nayo kichwani. Kwa maneno mengine, mchezo wa video umetumika kama udhuru ambao mtoto mmoja hupewa na mwingine hanyimwi kwa sheria yoyote, bali kwa mazoea.

Utafiti wa maabara

Jaribio linalotajwa sana lilichapishwa mwaka 2000 na Craig Anderson na Karen Dill. Wanafunzi wa chuo walicheza ama Wolfenstein 3D, mchezo wa kufyatua risasi, ama Myst, mchezo wa utulivu wa kutatua mafumbo. Baadaye waliambiwa washindane na mtu mwingine kubonyeza kitufe haraka, na mshindi alimwadhibu aliyeshindwa kwa mlio wa kelele masikioni. Mpinzani hakuwepo, kompyuta ndiyo iliyopanga nani ashinde. Waliotoka kucheza Wolfenstein 3D walitoa mlio uliodumu kwa muda mrefu kidogo zaidi.

Wakosoaji wana hoja tatu. Kwanza, kubonyeza kitufe ndani ya mchezo ambao mtafiti ameuruhusu si sawa na kumdhuru mtu barabarani, ambako kuna sheria, aibu na maumivu ya kweli. Pili, kipimo chenyewe kinanyumbulika mno: mtafiti anaweza kuhesabu ukubwa wa sauti, urefu wake, mlio wa kwanza tu, au wastani wa yote. Mwanasaikolojia Malte Elson alikusanya machapisho yaliyotumia kipimo hicho na kukuta zaidi ya njia 150 tofauti za kukokotoa matokeo. Mtu mwenye njia nyingi hivyo karibu hakosi kupata anachokitafuta. Tatu, michezo inayolinganishwa hutofautiana kwa mengi zaidi ya damu. Paul Adachi na Teena Willoughby walipolinganisha mwaka 2011 michezo iliyofanana kwa ukali wa ushindani, tofauti ya uchokozi ilifuata ushindani na haikufuata ukatili wa picha. Yeyote aliyewahi kuona ndugu wawili wakigombania mechi ya mpira kwenye skrini hatashangaa.

Anderson na wenzake hawakunyamaza. Mwaka 2010 walijumlisha tafiti zilizohusu zaidi ya washiriki 130,000 na kusema kwamba uhusiano ni mdogo lakini unajirudia katika nchi mbalimbali, zikiwemo za Mashariki ya Mbali. Hoja yao yenye uzito ni kwamba athari ndogo, ikigusa mamilioni ya watoto kwa miaka, si jambo la kupuuza. Mwaka 2018 timu ya Anna Prescott ilikusanya tafiti 24 zilizowafuatilia vijana zaidi ya 17,000 kwa muda. Nayo ilipata ongezeko dogo la uchokozi wa mwili, kwa mfano kupigana shuleni.

Upande wa pili una ushahidi wake. Mwaka 2019 Andrew Przybylski na Netta Weinstein waliwahoji vijana 1,004 wa Uingereza wenye umri wa miaka 14 na 15 pamoja na walezi wao. Walitangaza mapema jinsi watakavyochambua takwimu, ili wasiweze kuchagua njia baada ya kuona matokeo, na hawakupata uhusiano wowote. Utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2018 uliwaacha watu wazima wacheze Grand Theft Auto V kila siku kwa miezi miwili, wala haukuona mabadiliko ya maana katika uchokozi wao.

Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani (APA) kilitoa azimio mwaka 2005 na jingine mwaka 2015 likisisitiza uhusiano na uchokozi. Zaidi ya wataalamu 200 walikuwa wamekiandikia mwaka 2013 kukionya kisivuke mipaka ya ushahidi. Mwezi Machi 2020 chama kilirekebisha azimio lake na kusema wazi kwamba ushahidi hautoshi kuhusisha michezo hiyo na ukatili, na kwamba kufanya hivyo kunaweza kuvuta macho mbali na visababishi vingine.

Takwimu za uhalifu

Makosa ya ukatili yaliyoripotiwa Marekani yalifikia zaidi ya 700 kwa kila watu 100,000 mwaka 1991, kisha yakashuka hadi chini ya 400 katika miaka ya 2010, kipindi hichohicho ambacho michezo ya video iliingia karibu kila nyumba na picha zake zikawa za kutisha zaidi. Haifai kusema kwamba michezo ndiyo iliyopunguza uhalifu. Mambo mengi yalibadilika kwa pamoja. Lakini wanaodai kwamba inauongeza wana kazi ya kueleza mteremko huo.

Wachumi Gordon Dahl na Stefano DellaVigna walichunguza filamu, si michezo, mwaka 2009 na kukuta kwamba mashambulizi yalipungua jioni ambazo filamu za ukatili zilivuta watazamaji wengi. Maelezo yao ni mepesi: kijana aliyekaa kwenye kiti cha sinema hayupo baa.

Japani na Korea Kusini hucheza sana, na viwango vyao vya mauaji ni vya chini mno. Tofauti iliyo dhahiri zaidi na Marekani ni silaha. Makadirio ya mwaka 2018 ya Small Arms Survey yaliweka bunduki za raia Marekani kuwa karibu milioni 393, takriban 120 kwa kila watu 100. Japani ni chini ya moja.

Sheria na siasa

Mwaka 2005 California ilipitisha sheria ya kuwatoza faini ya hadi dola 1,000 waliowauzia watoto michezo yenye ukatili. Aliyeitia saini alikuwa Gavana Arnold Schwarzenegger, ambaye umaarufu wake ulitokana na filamu za risasi na milipuko. Katika kesi ya Brown v. Entertainment Merchants Association, tarehe 27 Juni 2011, Mahakama ya Juu iliifuta sheria hiyo kwa kura 7 dhidi ya 2. Jaji Antonin Scalia aliandika kwamba michezo inalindwa na Marekebisho ya Kwanza ya Katiba kama vitabu, kwamba hadithi za kale za watoto zina ukatili wa kutosha, na kwamba tafiti zilizoletwa zilionyesha athari ndogo, sawa na ile ya kutazama katuni za Bugs Bunny. Jaji Stephen Breyer alipinga na kuambatisha orodha ndefu ya tafiti. Alishangaa kwamba dola inaweza kumzuia mtoto wa miaka 13 kununua picha ya mwanamke uchi, lakini haiwezi kumzuia kununua mchezo ambamo anamfunga mwanamke huyo na kumtesa. Hoja hiyo haitegemei saikolojia, na wanaotetea michezo huijibu kwa nadra.

Tarehe 5 Agosti 2019, baada ya mauaji ya El Paso na Dayton, Rais Donald Trump alitaja michezo ya video miongoni mwa sababu. Siku chache baadaye Walmart iliondoa madukani mwake matangazo ya michezo yenye ukatili. Iliendelea kuuza michezo hiyo, na iliendelea kuuza bunduki.

Ulaya nako haikusalimika. Ujerumani ilikaza sheria za ulinzi wa vijana baada ya mauaji ya watu 16 katika shule moja ya Erfurt mwezi Aprili 2002. Nchini Ufaransa, Juni 2023, kijana wa miaka 17 alipigwa risasi na polisi mjini Nanterre na ghasia zikaenea nchi nzima. Rais Emmanuel Macron alisema baadhi ya vijana walikuwa kama wanaigiza mitaani michezo ya video iliyowalevya. Mwezi Septemba alilegeza kauli hiyo. Hapo hoja ilikuwa imepiga hatua mpya, kwa kuwa ghasia hizo zilianza na risasi ya polisi.

Maswali mapya

Baadhi ya watafiti wamehamisha macho kutoka picha za skrini kwenda kwenye mazungumzo yanayozunguka michezo: nani anaongea na mtoto wakati wa kucheza, na anamwambia nini. Shirika la Afya Duniani, kwa upande wake, limeuingiza ulevi wa michezo katika orodha yake ya magonjwa inayotumika tangu Januari 2022. Hilo ni suala la kushindwa kuacha kucheza, na halihusu ukatili.

Mahakamani pia hoja imebadilika. Mwezi Mei 2024, miaka miwili baada ya watoto 19 na walimu wawili kuuawa katika shule ya msingi ya Uvalde, Texas, familia zao ziliishtaki kampuni ya Activision, mtengenezaji wa Call of Duty, pamoja na Meta na kampuni ya bunduki ya Daniel Defense. Dai lao linatofautiana na lile la wazazi wa Paducah. Halisemi tu kwamba mchezo hufundisha kuua. Linasema kwamba mchezo uliomwonyesha kijana silaha zinazouzwa kweli madukani ulikuwa tangazo la silaha hizo. Activision ilitoa pole kwa familia na kusema kwamba mamilioni ya watu hucheza michezo yake bila kufanya jambo la kutisha.